Saikosisi: nani yuko hatarini, dalili za mwanzo, na inazuilika vipi? Maswali mnayouliza kila mara

Haya maswali yanakuja kila wiki, mengi yanatoka kwa akina mama, madada na makaka wa vijana wa sekondari na chuo, na yanafanana sana kiasi kwamba nimeona niyaweke yote sehemu moja. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Msimamo wangu nausema mapema kabisa ili usome ukijua: kinachotuumiza zaidi huku kwetu ni ule muda tunaozunguka, mara kwa mganga, mara kwa mchungaji, mara tunasubiri likizo iishe, kabla kijana hajafika kwa mtu anayejua kutibu. Na mimi siamini kwamba huo muda hauwezi kupunguzwa.

Saikosisi ni nini hasa, ndo ukichaa wenyewe?

Saikosisi ni hali, sio jina la ugonjwa mmoja. Mtu anasikia sauti ambazo nyinyi hamsikii, au ana uhakika asilimia mia kwamba majirani wanamrekodi, mtangazaji wa redio anamsema yeye, mke wa kaka kamwekea sumu kwenye chai, na ukimletea ushahidi haumsaidii. Au maneno yake yanaruka ruka mpaka unashindwa kujua alianzia wapi. Hiyo hali inaweza kuja na skizofrenia (ugonjwa wa akili ambao saikosisi ndo dalili yake kubwa), inaweza kuja na baipola (hisia zinapanda kupita kiasi alafu zinashuka sana), sonona kali sana, uzazi, dawa za kulevya, na pia magonjwa ya mwili kabisa, yaani malaria iliyopanda kichwani, virusi vya ukimwi, kaswende iliyokaa miaka mingi bila tiba, kifafa, tezi ya shingo. Kwa hiyo ukisema tu "ni kichaa" hujasema chanzo ni nini wala atibiwe vipi, umemwekea tu mtu jina ambalo mtaa mzima utambeba nalo mpaka uzeeni.

Skizofrenia yenyewe inawapata watu kama 1 kati ya 100, pengine pungufu kidogo.

Nimewahi kusikia mtu ananiita jina langu na hakuna mtu. Nimeanza?

Hapana, tulia. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2015 ulihoji watu zaidi ya 31,000 kwenye nchi 18, na kama 5 kati ya 100 walisema wamewahi kusikia au kuona kitu cha namna hiyo angalau mara moja maishani. Wengi wao hawakuugua chochote. Ukiwa umefiwa, hujalala, una homa, au uko katikati ya kusinzia na kuamka, hayo yanatokea. Tunaanza kujali pale inapojirudia, inakutisha, na inaanza kuamua mambo yako, mfano unaacha kutoka nje kwa sababu ya sauti.

Inaanza umri gani?

Mara nyingi kati ya miaka 15 na 30. Wavulana wanatangulia, mwanzoni mwa miaka ya 20 hivi, wasichana wanachelewa kidogo, alafu wanawake wana kundi lingine dogo linaloanza baada ya miaka 40 na kitu. Sasa angalia huo umri unaangukia wapi: kidato cha nne, cha sita, mwaka wa kwanza chuo, kutafuta ajira, kuhama mji. Ndo maana watu wanasema "alisoma sana akili ikachoka". Kusoma hakuleti saikosisi jamani, ila kukesha kwa ajili ya mitihani na stresi vinaweza kumsukuma mtu ambaye tayari yuko pembeni, na familia inakumbuka mtihani kwa sababu ndo kitu cha mwisho walichokiona kabla hajaugua.

Baba mdogo aliugua, bibi pia inasemekana aliugua. Sisi watoto tutapata?

Hatari inapanda lakini sio hukumu. Ukiwa na mzazi mmoja mwenye skizofrenia hatari yako ni kama 10 kati ya 100, maana yake 90 hawapati. Kaka au dada akiwa nayo ni karibu na hapo hapo. Baba mdogo au bibi ni chini zaidi. Na hata mapacha wa kufanana, wenye damu moja kabisa, mmoja akiugua mwenzake anapata chini kidogo ya nusu ya mara zote, kwa hiyo kuna mengi nje ya damu yanayochangia na hayo mengi ndo tunayoweza kuyagusa.

Hakuna kinasaba kimoja cha kurithi cha skizofrenia. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikuta maeneo 287 kwenye vinasaba yanayohusika, kila moja linachangia kidogo sana, kwa hiyo mtu akikwambia lipia kipimo cha damu au cha vinasaba ujue kama mwanao ataugua, usimpe hela yako. Na hili la posa kuvunjwa kwa sababu "ukoo ule una vichaa" mimi linanikera kweli. Matokeo yake familia zinaficha mgonjwa, historia haisemwi, alafu kijana wa kizazi kinachofuata anaanza kubadilika na hakuna mtu wa kumwambia mapema kwamba yeye bangi asiiguse hata kidogo.

Hivi bangi kweli inaleta ukichaa au ni vitisho vya serikali? Mbona wazee wetu walivuta na wakalima?

Hili ndo swali namba moja, ngoja tukae nalo.

Wengi wanaovuta hawapati saikosisi. Hilo ni kweli na kijana wako analijua, kwa hiyo ukimwambia "ukivuta utakuwa chizi" anaangalia washkaji zake kijiweni anaona wako fresh, anakuona huna unachojua, na hapo umeshampoteza. Mwambie ukweli wenyewe. Uswidi walichukua vijana wa jeshi wa miaka 1969 na 1970, zaidi ya 45,000, wakawafuatilia miaka 15, waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia mara 6 ya wale ambao hawajawahi. New Zealand, mji wa Dunedin, waliokuwa wameanza kufikia miaka 15 ndo walikuwa hatarini zaidi kuliko walioanza wakiwa wakubwa, manake ubongo wa miaka 15 bado unajengwa. Alafu 2019 ikatoka nyingine kubwa ya vituo vya Ulaya na kimoja cha Brazil: anayevuta kila siku hatari yake ni mara 3 hivi, na anayevuta kila siku ile kali, yenye kemikali ya THC kuanzia asilimia 10, ni karibu mara 5. Walipiga hesabu kwamba bila hiyo kali, London ingepunguza wagonjwa wapya kama 30 kati ya 100, na Amsterdam nusu nzima.

Sasa rudi kwa wazee. Walichovuta wao na hii skanka, yaani bangi kali ya leo, sio kitu kimoja, na wengi hawakuanza wakiwa darasa la saba. Pia walikuwepo walioharibikiwa, ila waliitwa wamerogwa.

Kuna jambo lingine watu hawalijui na naomba ulisome mara mbili. Kijana akipata saikosisi baada ya kuvuta, akatulia baada ya siku chache, nyumbani wanasema "ilikuwa bangi tu, imeisha" wanamrudisha geto. Denmark wamefuatilia watu wa namna hiyo kwa miaka, karibu nusu ya waliopata saikosisi ya bangi baadaye walikuja kupata skizofrenia au baipola. Nusu! Hiyo "bangi tu" ni kengele kubwa kuliko zote, huyo ni mtu wa kufuatiliwa kliniki hata kama sasa hivi anacheka na kula vizuri.

Miraa, au mirungi kama tunavyoita upande wa Bara, ikitafunwa nyingi siku nzima na usiku mtu halali, inaweza kuleta kushuku watu na kusikia sauti, hasa kwa aliyewahi kuugua. Kristo mef (ile dawa ya kulevya ya crystal meth) ni mbaya zaidi kwa hili. Pombe nayo, mnywaji wa muda mrefu akiacha ghafla siku ya pili ya tatu anaanza kutetemeka na kuona wadudu ukutani, hiyo ni dharura ya hospitali, anaweza kufa, usimfungie ndani eti anapambana na pombe.

Ukiacha damu na bangi, nini kingine kinaongeza hatari?

Mambo ya utotoni yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtoto aliyepigwa kupitiliza, aliyebakwa au kuchezewa na ndugu, aliyetelekezwa, aliyeonewa shuleni miaka na miaka, hatari yake inakaribia mara 3 ya mwenzake. Kwa hiyo mtu anayemlinda mtoto dhidi ya mjomba mwenye mikono mirefu anazuia magonjwa ya akili pia, hata kama hakuna atakayemshukuru kwa hilo.

Tumboni na leba: kifafa cha mimba, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, mama kukosa chakula. Uholanzi walipopata njaa kali majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 kwa sababu ya vita, watoto waliotungwa katikati ya ile njaa walikuja kupata skizofrenia kama mara 2 ya wengine. Kliniki ya wajawazito, vidonge vya foliki, kujifungulia kituoni, hizo nazo ni kinga ingawa hakuna anayeziita hivo.

Kukulia mjini pia, hasa miji mikubwa ya Ulaya. Na kwa ndugu zetu mlioko Uingereza hili linawahusu moja kwa moja: utafiti wa London, Nottingham na Bristol ulikuta weusi wenye asili ya Karibiani wanapata skizofrenia kama mara 9 ya wazungu wa hapo hapo, na wenye asili ya Afrika karibu mara 6, wakati huko Karibiani kwenyewe hali haiko hivo. Sio rangi inayougua. Ni kubaguliwa, upweke, kuishi mahali ambapo wewe ndo mweusi pekee mtaa mzima, maana kusini mwa London ilionekana hatari ni kubwa zaidi kwenye mitaa ambayo wasio wazungu ni wachache. Kwa hiyo kile chama chenu cha Waswahili mnachokutana Jumapili kupika pilau na kugombana kuhusu michango, msikidharau, na watoto waliozaliwa huko waje nao maana hatari haiishii kwa aliyepanda ndege.

Dalili za mwanzo zinaonekanaje? Mdogo wangu amekuwa mkimya sana.

Kabla saikosisi haijalipuka mara nyingi kuna kipindi cha miezi, wengine hata miaka, mtu anabadilika taratibu, na dalili zake ni za kawaida mno mpaka unaziacha zipite. Usingizi unageuka, analala mchana anatembea usiku. Anajitenga na marafiki, sio wazazi tu maana kijana kukwepa wazazi ni jambo la dunia nzima, ila hata wale wa mpira na magemu hawataki tena. Masomo yanashuka kwa mtu aliyekuwa vizuri. Haogi, habadilishi nguo. Uso unakuwa hauna hisia, unamwambia msiba anakuangalia tu, au anacheka pasipo na cha kucheka.

Alafu zinakuja zile zinazosogea karibu zaidi. Anasema hajisikii kama yeye, vitu vinaonekana vimebadilika lakini hajui nini. Anahisi watu kwenye daladala wanamzungumzia, ukimuuliza anasema "labda ni mimi tu". Anasikia minong'ono au hatua za mtu lakini hana uhakika. Anaanza kuona maana ya siri kwenye namba za magari, kwenye mahubiri, kwenye status za watu. Hiyo "labda ni mimi tu" ni dirisha la dhahabu, bado ana shaka, bado mnaweza kuongea, na ukikosa kulitumia baada ya miezi kadhaa shaka inaondoka kabisa na wewe mwenyewe unaingizwa kwenye orodha ya maadui.

Kijana mkimya peke yake sio mgonjwa. Ninachoangalia mimi ni kama huyu amebadilika kutoka alivyokuwa, kama mabadiliko yamekaa wiki kadhaa na yanaongezeka, na kama shule au kazi imeanza kumshinda. Yakikutana yote hayo usisubiri, mpeleke akaonwe, na inaweza kuwa sonona au kuna kitu kimemkuta hajawahi kumwambia mtu, ambavyo pia vinatibika.

Sayansi inaweza kutabiri nani ataugua?

Kwa kiasi, ila sio kwa mtu mmoja mmoja kwa uhakika. Melbourne, Australia, mwaka 1994, Patrick McGorry, Alison Yung na wenzao walifungua kliniki ya vijana ambao hawajaugua bado ila wana dalili hafifu, au waliopata saikosisi ya siku chache ikaisha yenyewe, au wana mzazi ama ndugu wa damu mgonjwa na wao wenyewe wameanza kuporomoka kimaisha. Makundi hayo matatu ndo yanatumika mpaka leo duniani. Na matokeo yakijumlishwa, kati ya vijana 100 walioingia kwenye makundi hayo, kama 25 walipata saikosisi ndani ya miaka 3, hesabu za zamani zilikuwa zinafika 36. Yaani hata kwa wale wataalamu waliobobea wanaosema "huyu yuko hatarini", wengi hawaugui. Ndo maana mtu asikupe jibu la ndiyo au hapana kwa kumtazama mwanao usoni, na wala usimwambie mtoto "utaugua kama baba yako".

Hakuna kipimo cha damu. Hakuna picha ya kichwa inayotabiri, sitisikani inafanywa kuangalia uvimbe au jeraha, sio kuangalia skizofrenia. Watafiti wa Marekani walitengeneza kikokotoo 2016 kinachochanganya umri, kumbukumbu, dalili, historia ya familia na kadhalika, kinasaidia madaktari ila hakijatengenezwa kwa ajili ya kujipima mwenyewe kwenye simu. Na kwetu kazi imeanza, Kenya timu ya Profesa David Ndetei pamoja na Daniel Mamah wa Washington University kule St. Louis wametumia fomu fupi ya maswali kwa wanafunzi kutafuta wenye dalili za awali.

Lakini hizo kliniki za hatari zinawaona wachache sana. Kusini mwa London, ambako wanayo moja maarufu, walipochunguza watu waliopata saikosisi kwa mara ya kwanza walikuta kama 4 tu kati ya 100 walishawahi kupita pale kabla. Waliobaki wote walionekana kwanza na mama, na mwalimu, na rafiki wa chumba kimoja. Kwa hiyo mimi sisubiri mashine, nataka mwalimu wa malezi na matroni wa bweni wajue dalili.

Basi nimpe dawa kabla hajaugua, si ndo kinga?

Hapana. Dawa za saikosisi zina madhara yake, na kama watatu kati ya wanne hawataugua utakuwa umewanenepesha na kuwakaza misuli bure. Mwongozo wa Uingereza wa 2014 unasema wazi kwamba wasipewe dawa hizo kwa ajili ya kuzuia, wapewe ushauri nasaha wa kubadilisha fikra na tabia, familia ihusishwe, na sonona au wasiwasi alionao utibiwe.

Mafuta ya samaki pia mnauliza sana. Vienna 2010 vijana 81 walifanyiwa majaribio ya wiki 12, waliokunywa mafuta waliugua wachache, dunia ikafurahi, alafu 2017 jaribio kubwa zaidi la vijana 304 halikuona tofauti. Kula dagaa kwa afya yako, ila usinunue vidonge vya bei mbaya kwa matumaini hayo.

Kinachobaki ni vitu visivyouzwa: usingizi wa kueleweka, bangi na mirungi mbali, mtu mmoja mzima ambaye kijana anaweza kumwambia ukweli bila kupigwa, na miadi ya kliniki inayofuatwa hata siku anazojisikia vizuri.

Sisi tunaamini ni majini. Tumwombee kwanza au hospitali kwanza?

Vyote kwa wakati mmoja, na siandiki hivi ili nikufurahishe. Dua haigombani na sindano. Kama shehe au mchungaji wenu ni mtu mwema mwambieni awaombee na awasindikize hospitali, wapo wanaofanya hivo na wanasaidia sana kwa sababu familia inawasikiliza kuliko sisi. Kisichokubalika ni kumfunga minyororo, kumchapa ili pepo litoke, kumnyima chakula eti mfungo, kumfukiza moshi mpaka anakosa pumzi, au kumwambia aache dawa ili "kuonyesha imani".

Sababu ya haraka ni hii. Norwe, mkoa wa Rogaland, kuanzia 1997 walitangaza kwenye magazeti, redio na mashuleni dalili ni zipi na wapige simu wapi, wakaweka na timu ya kumfuata mtu haraka. Muda wa kukaa bila tiba ukashuka kutoka wiki 26 hadi kama 5. Walipoacha kutangaza ukapanda tena mpaka 15. Na baada ya miaka 10, kati ya wagonjwa 100 wa eneo lenye ule mpango, kama 31 walikuwa wamepona kabisa na wanafanya kazi, maeneo mengine ilikuwa 15. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa mpya, ni watu wamefika mapema. Ukiona hivo unaelewa kwa nini nasema miezi sita kwa mganga ni gharama kubwa kuliko kuku wote aliokuagiza.

Na familia ikishika nafasi yake mambo yanabadilika hata huku. Muhimbili na Mbeya kulifanyika mradi unaoitwa Kuwezeshana Kupata Uzima, mgonjwa na ndugu yake wanakaa pamoja kwenye vikundi wanajifunza ugonjwa, dalili za kurudi, na jinsi ya kusaidiana nyumbani. Nautamani uwe kila wilaya.

Mke wangu amejifungua wiki iliyopita, halali, anasema mtoto sio wake. Ni uchovu?

Kaka, acha kusoma, mpeleke leo. Saikosisi ya uzazi inampata mama 1 au 2 kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na inabadilika kwa saa. Mama na mtoto wasiachwe peke yao hata dakika. Inatibika vizuri sana ikiwahiwa. Na kwa dada mwenye baipola au aliyewahi kupata hali hii kwenye uzazi uliopita, mwambieni daktari mapema kwenye ujauzito, wengi wenu hatari inafika kama 1 kati ya 5 au zaidi na inapangwa mapema. Msiache dawa kimya kimya mkigundua mimba, ila muulize hasa kuhusu valproeti (dawa ya baipola na kifafa) maana hiyo inadhuru mtoto tumboni.

Usiku huu anasema kuna watu juu ya paa. Nifanye nini?

Kwanza mguse, ana homa? Shingo imekaza, amedondoka kifafa, ameanguka na kuumia kichwa, amechanganyikiwa hajui hata yuko wapi? Hiyo ni emajensi ya hospitali ya kawaida, wapime malaria na sukari kabla mtu hajasema neno akili.

Kama sivyo, ongea taratibu, mtu mmoja tu aongee, wengine watoke, zimeni TV. Usibishane naye kwamba hakuna watu, na usiseme na wewe unawaona. Mwambie "naona unaogopa sana, niko hapa na wewe, twende mahali salama". Ondoa visu, panga, sumu ya panya, dawa za shamba. Muulize kama sauti zinamwambia ajidhuru au amdhuru mtu, kuuliza hakumpandikizii wazo. Miaka ya mwanzo ya ugonjwa huu ndo hatari ya kujiua iko juu, naomba hilo lisipuuzwe hata siku moja.

Alafu kituo chochote cha afya kilicho karibu kwanza, watampa rufaa. Sio lazima uanzie Mirembe Dodoma, hospitali za mikoa nyingi zina kitengo cha akili. Dar kuna Muhimbili, Zanzibar Kidongo Chekundu, Nairobi Mathari, Kampala Butabika. Kenya ukitaka ushauri wa dawa za kulevya piga 1192, ni bure.

Ametulia, anataka kuacha dawa. Miezi mitatu imetosha?

Haijatosha. Baada ya tukio la kwanza wataalamu wengi wanataka angalau mwaka mmoja mpaka miwili, na kuacha kwenyewe ni kwa kupunguza polepole daktari akiangalia. Utafiti mmoja wa Marekani wa 1999 ulikuta aliyeacha dawa hatari ya ugonjwa kurudi ni karibu mara 5 ya anayeendelea. Ila msikilize kwa nini anataka kuacha. Mara nyingi ni shingo kukakamaa, miguu haitulii, mate, unene, nguvu za kiume, na anaona aibu kusema. Hayo yana ufumbuzi, dozi inapunguzwa, dawa inabadilishwa, Artane (dawa ya kupunguza kukakamaa) inaongezwa pale inapohitajika, au anahamia sindano ya mwezi. Kumlazimisha bila kumsikiliza ndo kunafanya ateme vidonge chooni.

Daktari ana dakika kumi tu na foleni ni ndefu. Niende na nini?

Karatasi moja, uiandike nyumbani ukiwa umetulia. Alianza kubadilika mwezi gani na kitu cha kwanza mlichoona. Analala saa ngapi. Maneno yake mwenyewe kama alivyoyasema, andika "anasema dada anasoma mawazo yake", usiandike "anaongea upuuzi". Anatumia nini, bangi, pombe, mirungi, na mara ngapi, hata kama baba yake hataki liandikwe. Nani kwenye ukoo aliwahi kuugua au kujiua. Kama alipata shida wakati wa kuzaliwa, aliwahi kuumia kichwa, ana kifafa. Dawa zote alizopewa mpaka sasa pamoja na za mitishamba, ukiweza beba na chupa zenyewe. Mwishoni weka namba ya ndugu mmoja ambaye simu yake huwa hewani, na kabla hujatoka uliza tarehe ya kurudi uiandike kwenye hiyo hiyo karatasi.